Anakungoja Mlangoni

“Yule hakubatizwa, sivyo?”

Ilikuwa mara ya nne tangu asubuhi. Bernadeta aliweka chini kikombe cha uji, akamfuta mama yake midomo. Mama huyo, Milembe, hakuwahi kumtaja marehemu mumewe kwa jina. Siku zote alimwita yule, na Bernadeta aliona ndiyo heshima ya wake wa Kisukuma wa enzi hizo.

“Mama, pumzika. Mwalimu Nestory anakuja saa kumi.”

Saa kumi! Jamani, saa kumi hiyo ilimtoa jasho Bernadeta kuliko hata siku waliyobandika orodha ya waliopunguzwa kazi kiwandani, na jina lake likawa la tatu. Hospitali walikwisha sema hawana la kufanya, mgonjwa akakae na watu wake. Basi mama alikuwa hapa, katika chumba kimoja juu ya mawe ya Kirumba, katikati ya marobota ya mitumba, anapungua kama sabuni. Lililobaki ni moja tu: abatizwe kabla hajakata roho, ili siku moja mama na mwana waonane mbinguni. Bernadeta hakuwa na ndugu mwingine. Akimkosa mama huko nako, amemkosa milele.

Na ajabu, Milembe, aliyekataa dini miaka yote, safari hii alikubali upesi. Juzi katekista Nestory alikuja kumfundisha. Bibi alisikiliza weee, kisha akauliza, “Huko mbinguni kuna mlango?”

“Upo, bibi. Na Petro ndiye mwenye funguo.”

“Ni mkali?”

Nestory akacheka. “Asiyebatizwa hapiti.”

“Basi nileteeni hayo maji,” alisema Milembe, na machozi yakamtoka. Bernadeta alimshukuru Mungu kwa sauti.

Sasa maswali haya! Bernadeta hakuwa mjinga, aliona yanakoelekea. Baba, Mzee Shimba, alikufa kule Magu miaka mitano iliyopita bila kutiwa tone la maji, na sasa mama alikuwa anapima: aende mbinguni bila mume, au amfuate mume huko aliko? Miaka arobaini ya ndoa si mchezo. Msibani uchungu ulimkausha mama, hakutoa chozi hata moja. Matanga yalipoanuliwa tu alihamia mjini, na kaburi hakutaka kuliona tena. Watu walipendana hawa, Bernadeta aliwaza, ingawa yeye mwenyewe kwao aliishi kidogo sana. Alikuwa na miaka minane mama alipong'ang'ania apelekwe bweni kwa masista, mwaka ule ule mama alipoanguka ghalani na mkono wake wa kushoto ukaunga umepinda. Likizo zikifika, baba alimpokea kwa biskuti.

“Bena.” Mama alikuwa anamtazama. “Nataka uhakika. Yule hakubatizwa?”

Bernadeta akaona mama anamponyoka hivi hivi. Ilikuwa saa tisa na nusu. Akikataa, nani atamlazimisha? Nestory alisema wazi kwamba mtu mzima hubatizwa kwa kukubali mwenyewe. Lakini alisema na jingine: penye hatari ya kufa, Mkristo yeyote anaweza kubatiza, mradi awe na maji na aseme yale maneno.

Mungu wangu nisamehe, aliwaza, akapiga magoti kando ya kitanda.

“Alibatizwa, mama. Siku ile alipozidiwa, wewe ulipokwenda kisimani. Mimi mwenyewe nilimmwagia maji. Kusema alikuwa hawezi tena, lakini aliitikia kwa kichwa.”

Milembe akamkazia macho. “Haki ya Mungu?”

Bernadeta akaishika rozari yake. “Haki ya Mungu. Yuko mbinguni, mama. Anakungoja pale pale mlangoni.”

Mama hakuuliza tena. Alifumba macho, akavuta shuka hadi kidevuni. Bernadeta alilia kimyakimya, kwa hofu ya kiapo kile, na kwa faraja pia, maana sasa mama asingerudi nyuma.

“Hodi humu!”

Nestory aliingia na mshumaa, kitambaa cheupe, na maji katika chupa ya soda. Bernadeta akamwinua mama, akamwegemeza kifuani pake. Masikini, alikuwa mwepesi mno, na pumzi zilikuja kwa mbali.

“Bibi Milembe,” Nestory aliuliza taratibu, “unaomba nini kwa Kanisa?”

Jibu alikwisha fundishwa, neno moja tu: ubatizo.

“Siombi kitu.”

Nestory akamgeukia Bernadeta.

“Mama, jamani! Si nimekuambia baba yuko huko? Si nimekuapia? Anakungoja!”

Milembe akauinua ule mkono uliopinda, akajikinga nao uso.

“Nimekusikia, mwanangu,” alisema. “Ndiyo maana siendi.”