Mama Khisa Anageukia Magunia

Mama Khisa aligeukia magunia tena.

"Kushoto, mama," Nasike alisema. "Kushoto ni kwa dirisha. Huko ni kwa mahindi."

"Woi, mwarimu! Si mwili wenyewe unanipeleka kwa chakula."

Ukumbi mzima wa kanisa, hapo Tuwan, ukacheka. Nasike hakucheka. Tangu waumini walipovuna na kuyapanga magunia yao pembeni, alikuwa akimfundisha huyu mama kata ya kwanza ya karate, ule mpangilio wa hatua na ngumi ambao watoto wa mtaa wa Kibomet waliushika kabla ya kushika kusoma. Mama Khisa hatua ya mwanzo aliiweza. Ya pili ikawa magunia. Kila siku, palepale.

Alikuwa mama mnene wa Naitiri, leso kiunoni juu ya suruali ya michezo. Ati alikuja kupunguza mwili kwa sababu mke wa mwanawe anamcheka. Kwa jambo moja tu hakusumbua: ndala zake zilikaa mlangoni sawasawa, zikitazama nje kama adabu ya karate inavyotaka, tangu siku ya kwanza. Nasike hakukumbuka kumfundisha hilo.

Na Mwalimu Kizito, aliyewafundisha wote karate, alikuwa amesema neno lake mbele yao. "Siku Mama Khisa atakapoimaliza kata bila kosa, Nasike, ndiyo siku utakayopanda gari la Bungoma kutahiniwa kwa mkanda mweusi."

Kwa wengine ule mkanda mweusi ulikuwa fahari. Kwa Nasike ulikuwa kazi. Shule moja ya wasichana kule Bungoma ilitaka mwalimu wa karate, na haikujali umesoma mpaka wapi, mradi uwe na mkanda mweusi. Nasike hakuwa na cheti kingine ila cha darasa la nane. Mtahini alikuja Bungoma mara moja kwa mwaka. Ukikosa, umekosa.

"Nasikia huyo mtahini anavunja matofali kwa paji la uso," Kimeli, mwanafunzi mwenzake, alisema akijinyoosha. Hakuna aliyewahi kumwona mtahini isipokuwa Mwalimu Kizito, na Mwalimu Kizito hakuwa mtu wa porojo.

Kimeli akaruka, akazungusha teke la kujionyesha, lile ambalo mwalimu alilipiga marufuku. Wakati huohuo Mama Khisa akainama kukaza leso. Mguu ukapita juu ya kitambaa chake cha kichwa.

"Una bahati, mama! Si ningeking'oa hicho kichwa!"

"Bahati ni ya Mungu, kijana wangu."

"Kimeli, cheza mbali na mwanafunzi wangu," Nasike alisema kwa ukali. Alikuwa na hasira na Kimeli, na Kizito, na magunia, na huyo mke wa mwana asiyejua kunyamaza.

Alichora mstari wa chaki sakafuni. Mama Khisa akaukanyaga, akageukia magunia. Alimfunga uzi mwekundu kwenye mkono wa kushoto. Mama Khisa akausifu kwa uzuri wake, kisha akageukia magunia. Nasike alitoka nje akanawa uso bombani, maana aliona sasa atapiga kelele. Akarudi.

"Haya, mama. Tena."

Jumamosi ya safari, pikapu ya kuazima ilikuwa ikipiga honi nje. Wenzake walikuwa wamejaa nyuma, mavazi yao meupe yamepigwa pasi. Mwalimu Kizito akasimama mlangoni.

"Nasike. Mama ameiva?"

Mama Khisa alimsogelea, akanong'ona, "Sema ndiyo, mwarimu. Nani atajua? Mimi nitabaki hapa na magunia yangu."

Neno lilikuwa kwenye ulimi. Dogo, rahisi. Nasike aliwaona wale wasichana wa Bungoma wamejipanga mbele yake, wakimwinamia, wakingoja awafundishe. Awafundishe nini, na yeye kafika pale kwa uongo?

"Bado, mwalimu."

Kizito akamtazama kidogo, akatoka. Kutoka kwa pikapu sauti ya Kimeli ikaingia dirishani. "Bana, Nasike! Utazeeka na huo mkanda wa kahawia!"

Nasike akabaki akitazama sakafu. Mwaka mzima mwingine, na nafasi ile ya shule itakuwa imeshachukuliwa. Akajipangusa macho kwa mkono wa vazi lake, kwa nguvu, kama anayekwangua matope.

"Haya, mama, tuanze tena," alisema. "Pengine ni mimi ninayekosea kukueleza. Leo simama nyuma yangu, unifuate tu."

Akampa mgongo, akainama, akapiga hatua ya mwanzo. Nyuma yake leso ikalia pwaa, kama shuka linalokung'utwa. Nasike akageuka.

Mama Khisa alikuwa ametazama dirisha. Hakusimama hapo. Alikwenda mbele, akarudi, ngumi, kinga, ngumi, mwili ule wote ukiteleza kimya hata vumbi la mahindi sakafuni lisiinuke. Alimaliza mahali alipoanzia, pumzi zimetulia.

Mwalimu Kizito alikuwa amerudi mlangoni. Akavua viatu. Akainama chini sana, namna ambayo Nasike hakuwahi kumwona akimwinamia mtu.

"Gari liko tayari, mwalimu," alisema. "Bungoma wanakungoja."

Nasike akafungua mdomo aseme kwamba yeye haendi. Lakini Kizito hakuwa akimtazama yeye.

Mama Khisa alikuwa akikaza leso yake. "Huyu akae mbele na mimi," alisema. "Nimemaliza naye. Twende nikawatahini hao wengine."