Mluzi wa Saa Kumi na Moja

"Umeingiwa na ujana uzeeni?" jirani wa gereji alimtania fundi. "Miaka thelathini unawafukuza wanaotaka magari yapige mluzi, leo unaufunga mwenyewe."

Fundi alikuwa ameinama juu ya injini, anang'oa boksi la filta la kiwandani ambalo yeye mwenyewe alilirudisha wiki mbili tu zilizopita. Miguuni pake palikuwa na bomba pana la hewa, filta ya wazi na valvu. Alikuwa amevitupa kwenye vyuma chakavu, na asubuhi hiyo amekwenda kuviokota.

Vilikuwa vya mwanawe. Kijana alivifunga kwa mikono yake, akaongeza presha ya tabo, ile feni inayoisukumia injini hewa, na kila alipoachia mafuta gari likapiga mluzi mtaa mzima ukasikia. Fundi hakuupenda. Tena kijana hakuwa na subira. "Injini ya tabo haizimwi ghafla, iache ingurume kidogo ipoe," baba alimwambia mara mia. Kijana akifika tu, ufunguo uko mfukoni. Siku moja fundi akapandwa na hasira, akafumua kila kitu. Kijana aliuweka ufunguo mezani, akaondoka kwa miguu. Simu yake haipatikani mpaka leo.

Mama yake alikuwa hospitalini. Alirudi nyumbani haoni, na swali lake la kwanza lilikuwa juu ya mtoto. Fundi, jamani, angesema nini? Alisema kijana amehamia upande wa pili wa mji, bado amenuna, ila atakuwa anapita jioni.

Basi tangu siku ile ya kuokota vyuma, kila saa kumi na moja gari lilikata kona likipiga mluzi, likasimama chini ya dirisha la mkewe. Fundi alikuwa amevaa raba za mwanawe. Aliketi kidogo injini ikinguruma, akazima, akaweka machungwa barazani, akaondoka bila neno. Gari alilirudisha gereji, akaja nyumbani kwa miguu na viatu vyake vya kazi.

"Mwanao amepita," mkewe alimwambia. "Umemkosa tena."

"Kesho nitamuwahi."

Walikula pamoja. Fundi alimkumbuka mwanawe, na hakuwa na wa kumwambia. Mtu pekee ambaye angemwelewa ndiye aliyekuwa akimdanganya. Alilala kitanda kimoja na mkewe, na alikuwa mpweke kuliko mtu aliyebaki nyumba nzima peke yake.

Miezi ikapita hivyo.

Jioni moja alikata kona, mluzi ukalia vizuri kabisa. Akasimama, akakaa kidogo, akazima. Aliposhika ngazi na raba zake na machungwa yake, alimkuta mkewe ameketi barazani. Hajawahi kutoka nje tangu arudi hospitalini. Fundi alibana pumzi.

Mkewe alisogea pembeni, akapapasa nafasi iliyobaki kwenye benchi.

"Keti hapa tumngoje wote wawili, mume wangu," alisema. "Yule hajawahi kungoja injini ipoe hata siku moja."