Minyororo ya Mpira

Minyororo ya filamu yetu ilikuwa ya mpira uliopakwa rangi ya chuma, isije ikawachubua waigizaji. Mpira haulii hata uupige mateke, kwa hiyo mlio natia mimi, studioni.

Nikafungua onyesho la mwisho, watumwa wanapokata minyororo na kukimbilia uhuru. Kabla sijatia chochote, spika zikatoa sauti ya chuma kikiburuzwa.

"Umeshaanza?" mwongozaji wa filamu, aliyekaa nyuma yangu, akauliza, akicheka.

"Sijagusa kitu, kaka."

Kicheko kikamkauka mdomoni. Kwenye picha, waigizaji walitupa minyororo, wakatoka mbio wakishangilia. Ghala kuukuu la watumwa tulilokodi kupigia filamu likabaki tupu.

Chuma kiliendelea kuburuzwa, polepole, kikaja hadi kwenye maikrofoni ya pale ghalani, kikatulia. Kisha mtu akavuta pumzi, kama anayesubiri naye aambiwe aende.