Maji ya Kisima cha Muhsina

Mgeni alibisha hodi asubuhi: daktari kutoka Romania, bibi wa mvi aliyeanza kuwinda vijidudu vya kipindupindu kabla wanawake wenziwe hawajathubutu. Aliteka maji ya kisima cha Muhsina pale Matrah, Omani, akaweka tone chini ya hadubini.

"Tazama, mwanangu."

Muhsina aliona vijiti vilivyopinda vikichezacheza. Akaahidi kwamba hapana atakayekunywa mpaka kisima kitiwe dawa.

Adhuhuri mama mkwe aliingia, akaiteremsha ndoo kisimani. "Nna kiu."

"Subiri nikuchemshie, mama."

"Ushakuwa daktari? Miaka sita tangu tutoke Unguja hujamnyima mtu maji, leo wanikatalia mimi? Niachie, ama mwanangu atakupa talaka yako!"

Muhsina akachukua kisu cha jikoni, akaikata kamba ya ndoo.