Shangazi Mize na Kichuguu

Enzi nguchiro walipokuwa bado hawana kwao, kundi lilihama kila asubuhi, na asiyeweza kutembea aliachwa nyuma. Siku moja Shangazi Mize aliamka mguu umevimba, akashindwa kutoka kwenye kichuguu walimolala.

"Tumechelewa," alisema Kibwana, kiongozi wao mwenye haraka. "Kwaheri, shangazi."

Mashavu, mama mwenye wasiwasi, alikuwa akihesabu watoto wake wanne kwa mara ya tatu. Moyo ulimuuma kumwacha shangazi. Tena, tangu azae alikuwa akiwinda huku mtoto akining'inia mdomoni, wala hakuwahi kushiba.

"Shangazi, nikuachie hawa mpaka jioni?"

"Waache, mwanangu. Kwa mguu huu nitatoroka nao kwenda wapi?"

Kina mama wengine walicheka, kisha nao wakawaacha wa kwao.

Siku hiyo, kwa kuwa midomo ilikuwa mitupu, walikamata panzi wengi kuliko walivyoweza kula. Jioni walirudi mbio. Mashavu alihesabu: wanne, wote wamelala juu ya tumbo la shangazi. Akamwekea panzi mnono kuliko wote.

Asubuhi Kibwana aliita, "Haya, tuhame."

"Tangulia, kaka," alisema Mashavu. "Sisi jioni tunarudi hapa."

Kibwana alienda hatua kumi peke yake, akasimama, akarudi. Akauliza kwa sauti ndogo kama na yeye atapata pa kulala.

"Muulize mwenye nyumba," alijibu Mashavu.

Shangazi Mize akajisogeza taratibu, akampa nafasi.