Vitu vya Zamani

"Nafasi ilikuwa imejaa, nikafuta vitu vya zamani," mkurugenzi wa redio alisema, kama mtu aliyefagia uwanja wake.

Vitu vya zamani! Laurette, fundi wa tovuti yao pale Kavimvira, alifungua seva akakuta matangazo ya vifo ya miaka saba yamefutwa, sauti zote, yamebaki ya mwaka huu tu. Mahali pake zimekaa picha mia nne za harusi ya binti wa mkurugenzi. Keki peke yake ilikuwa na picha kumi na saba.

Tangazo la kifo cha mama yake Laurette lilikuwa humo. Alilisoma baba yake mwenyewe, ambaye tangu apooze hajatamka neno.

"Wale walikufaka, mama. Wanadai nini?" mkurugenzi akaendelea. "Na bado video ya mahari. Leo nafuta na sauti zenye zilibakia, niiweke."

Laurette alivuta kibodi, akamnyang'anya ruhusa ya seva nzima, akamfungia ndani ya folda moja ya picha, akaipimia nafasi ya zile mia nne na si zaidi. Kidole chake kilitua juu ya kitufe cha kuthibitisha, kilichokwisha kufutika maandishi, kikakaa hapo kidogo.

Akabonyeza kwa nguvu hadi kikombe cha chai kikatikisika.

Mkurugenzi alijaribu kupandisha video yake. Ikakataa.

"Hii iko nini? Miye mwenye redio, naona picha tu! Video nitaiweka wapi?"

"Nafasi imejaa, directeur," Laurette alisema. "Futa vitu vya zamani. Anza na keki."