Mwalimu wa Saa Kumi

"Hebu nieleze kama vile mimi sijui kitu kabisa," Mwalimu alisema, akachomoa kalamu.

Mama akapunguza mwendo wa cherehani ili asikie vizuri. Aliiburuta kutoka chumba cha nyuma hadi mlangoni mwa sebule siku ileile Mwalimu alipoanza kuja, akisingizia mwanga. Mwanga ulikuwa mzuri tu kule nyuma. Alichotaka ni kumchunga binti yake na huyu mwanaume kwa jicho moja, na sindano kwa jicho la pili.

"Inesha ni ubishi wa vitu," binti akaanza. "Kilichotulia hakitaki kusogea. Kinachokwenda hakitaki kusimama. Ndiyo maana dereva akikanyaga breki, basi linasimama lakini wewe bado unataka kuendelea na safari."

"Bado unataka kuendelea na safari," Mwalimu akarudia polepole, akiandika kila neno kama polisi anayechukua maelezo.

"Nimepata?"

"Rudia pale kwenye breki."

Mwaka uliopita binti alifeli fizikia, akalia mpaka macho yakavimba. Chuo cha uuguzi kilimwambia wazi kwamba bila somo hilo asijisumbue kubisha hodi. Sasa alikuwa anarudia mtihani, na mara ya tatu haitakuwepo. Akifeli tena, ataketi kwenye cherehani ya pili, ile iliyofunikwa shuka kule nyuma. Mama aliliogopa jambo hilo kuliko binti mwenyewe. Mtoto huyu alikuwa na moyo wa kuuguza hata kuku wa jirani, lakini kwenye nguo alikuwa janga. Aliwahi kumshonea mteja suruali yenye miguu miwili ya kushoto.

Ndipo shangazi mtu alipokuja na habari. Kwenye karakana ya majokofu anakofanya kazi kuna mtu haachi vitabu vya fizikia hata wakati wa kula. "Nimeshasema naye, wifi. Kesho anakuja."

Kesho yake saa kumi akasimama mlangoni mtu mzima, miwani usoni, mkoba wa vitabu begani, grisi kwenye kucha. Akafungua mdomo aseme jambo.

"Karibu, Mwalimu!" Mama akamwahi, akamkalisha kwenye kiti cha wageni na kumtia kikombe cha chai mkononi. Mgeni alikitazama kiti, akaitazama chai, akafunga mdomo.

Kufundisha alijua, hilo Mama hakulibishia. Hakuwa mtu wa kumtafunia mtoto. Siku binti alipomuuliza kwa nini barafu inaelea, alikuna kichwa akasema, "Swali zuri sana. Kesho uje na jibu." Binti akapekua vitabu hadi akalipata, na kesho yake akayamwaga maelezo yote: kwa ujazo uleule, barafu ni nyepesi kuliko maji. Walipofika kwenye kanieneo, binti aliazima sindano ya mama yake kabisa. Kani ni ileile, alisema, lakini ncha ni ndogo, kwa hiyo sindano inapenya kitambaa na kidole kinabaki juu. Mama alijikuta anatabasamu peke yake pale mlangoni, mshono umekwenda upande.

Kilichomtia wasiwasi ni malipo. Alipoyagusia tu, Mwalimu alishtuka, akasema kama ni kulipa, basi angelipa yeye. Tena akaanza kuja na vitu mkononi: leo kilo ya sukari, keshokutwa karatasi za grafu. Mama naye aliwahi kuwa msichana. Alijua mwanaume anayeleta sukari anatafuta nini.

Wiki ya mtihani ilipokaribia, akamvizia akitoka.

"Mwalimu, samahani. Una mke?"

"Ninaye, Mama. Na watoto watatu."

Mama akaushika mlango. "Na huyo mkeo anajua kwamba kila siku uko hapa?"

"Yeye ndiye anayenisukuma! Nikichelewa kutoka, ananifukuza nyumbani."

Mama alibaki ameshikilia mlango. Vituko alishaviona vingi, lakini mke wa kumhimiza mumewe aende kwa msichana wa watu, hicho kilikuwa kipya. Alitamani amtimue palepale. Halafu akaikumbuka ile suruali, akameza hasira. Mtihani uishe tu, alijiapia, huyu bwana ataonyeshwa njia.

Asubuhi ya mtihani alimsindikiza binti hadi kwenye lango la shule. Binti alitembea akinong'ona kanuni zake, na safari hii hakutetemeka. Na pale langoni, kasimama nani? Mwalimu, shati limepigwa pasi, kofia kichwani, kucha zimesuguliwa zikatakata.

Mama akasimama ghafla. Kumbe ni msimamizi wa mtihani! Muda wote huu mtu mkubwa hivyo anakuja kunywa chai sebuleni kwake, na yeye anamwazia mabaya. Aibu ikamshika, akaanza kutafuta maneno ya kuomba radhi.

Lakini mwanamke mmoja mwenye beji akampapasa Mwalimu mifuko, akamkagua kalamu na rula, kisha akamwelekeza kwenye mstari wa watahiniwa. Akiwa njiani kuelekea huko, Mwalimu akamwona binti. Akavua kofia, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Mwalimu," akamwambia. "Niombee nisije nikakuaibisha."